Hofu kwa Ridhaa: Jinsi Michezo ya Kutisha ya Mezani Inavyolinda Mipaka ya Hisia za Wachezaji

WATU watano wameketi kuizunguka meza usiku, taa ikiwa imepunguzwa mwanga. Mmoja wao anasimulia habari za nyumba iliyohamwa, mlango unaofunguka wenyewe na sauti inayotoka chini ya sakafu. Wanne waliobaki wanasikiliza, kisha kila mmoja anaeleza mhusika wake atafanya nini: atakimbia, ataita kwa sauti, au atashuka ngazi kwenda kuangalia. Dadu zinarushwa ili kujua nani amefanikiwa na nani ameshindwa. Kando ya dadu hizo, katikati ya meza, ipo kadi iliyochorwa herufi moja tu, X. Kadi hiyo haimo katika hadithi. Imewekwa kwa ajili ya watu walio nje ya hadithi.

Kadi hiyo ni moja kati ya nyenzo kadhaa ambazo wabunifu na wachezaji wa michezo ya uigizaji ya mezani, hususan nchini Marekani na barani Ulaya, wamezibuni kwa zaidi ya miaka 20 ili kujibu swali moja: mtu aliyekuja kwa hiari yake kutishwa, anapaswa kulindwa dhidi ya nini? Makala haya yanaeleza michezo hiyo ni ya namna gani, kwa nini hofu ya mchezo inaweza kugeuka kuwa maumivu ya kweli, na ni hatua zipi zinazochukuliwa kabla, wakati na baada ya mchezo ili burudani ibaki kuwa burudani.

Chimbuko la michezo ya kutisha ya mezani

Michezo ya uigizaji ya mezani ilianza kuuzwa mwaka 1974, pale Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walipotoa mchezo wa Dungeons & Dragons. Tofauti na bao, drafti au karata, mchezo wa aina hii hauna mshindi wala mshindwa. Mshiriki mmoja huwa msimamizi, ambaye husimulia mazingira na kuwasemea viumbe na watu wote wanaokutwa njiani. Washiriki wengine humiliki mhusika mmoja kila mmoja, na kwa pamoja hutunga hadithi ambayo hakuna anayejua mwisho wake.

Mwaka 1981, kampuni ya Chaosium ilitoa mchezo wa Call of Cthulhu, uliobuniwa na Sandy Petersen kutokana na hadithi za mwandishi Mmarekani H. P. Lovecraft, aliyefariki mwaka 1937. Mchezo huo ulibadili mwelekeo. Wahusika wake si mashujaa wenye panga, bali ni watu wa kawaida kama mwalimu, daktari au mwandishi wa habari, wanaochunguza mambo yanayozidi uwezo wao. Kila mhusika hupewa pointi za utimamu wa akili, na pointi hizo hupungua kadiri anavyokutana na mambo ya kutisha. Mhusika akipoteza pointi 5 au zaidi kwa mkupuo mmoja, anaweza kupatwa na wazimu wa muda.

Baada ya hapo michezo ya kutisha iliongezeka. Mwaka 1983 ilitoka hadithi ya Ravenloft, iliyoandikwa na Tracy Hickman na Laura Hickman kwa ajili ya Dungeons & Dragons, ambayo huwapeleka wachezaji katika kasri la mnyonya damu. Mwaka 1991 ulitoka mchezo wa Vampire: The Masquerade, ambao mchezaji mwenyewe huigiza mnyonya damu na kukabiliana na ukatili ulio ndani yake. Kwa miaka mingi vitabu vya michezo hiyo vilieleza kwa kina namna ya kumpima mhusika hofu yake, lakini vilisema machache kuhusu hofu ya mtu anayemwigiza.

Hofu ya mhusika na maumivu ya mchezaji

Wahenga walisema, aumwaye na nyoka akiona unyasi hushtuka. Msemo huo unaeleza kwa ufupi tatizo ambalo nyenzo hizi zinakusudia kulitatua. Katika mchezo wa kutisha zipo hofu za aina mbili, na ni muhimu kuzitofautisha.

Aina ya kwanza ni ile iliyofuatwa. Mapigo ya moyo huongezeka, mikono hutoka jasho, watu hupiga kelele kisha hucheka. Mchezaji hutishika akijua kwamba yuko salama, kama mtoto anayesikiliza hadithi ya zimwi akiwa amejifunika khanga ya bibi yake. Hofu hiyo ndiyo burudani yenyewe, na kuiondoa ni kuuondoa mchezo.

Aina ya pili ni pale jambo la kwenye hadithi linapogusa jeraha la kweli. Mtu aliyenusurika katika ajali ya moto, aliyefiwa na mtoto, aliyewahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia au aliyekimbia vita hahitaji kukumbushwa na msimulizi asiyejua historia yake. Kwake, maneno machache ya simulizi yanaweza kumrudisha katika siku aliyojitahidi kuisahau. Mtu huyo hashiriki tena mchezo, anavumilia.

Mpaka kati ya hofu hizo mbili hauonekani kwa macho, na kila mtu ana wake. Panya wengi wanaotambaa gizani wanaweza kuwachekesha wachezaji watatu na kumtoa jasho la kweli wa nne. Ndiyo maana msimamizi, hata awe hodari namna gani, hawezi kuubashiri. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Aidha, katika michezo ya uigizaji hisia husafiri kwa urahisi kutoka kwa mhusika kwenda kwa mchezaji na kurudi. Mchezaji hasemi kwamba mhusika anaogopa. Husema kwamba yeye anaogopa. Mbunifu wa Marekani Emily Care Boss ni miongoni mwa walioipa jina hali hiyo, kwa neno lenye maana ya kuvuja. Mvujo huo si ugonjwa wala kosa, kwani ndio unaoipa hadithi uzito. Hata hivyo, huhitaji kuangaliwa, kama maji yanavyoangaliwa yanapoanza kupita chini ya mlango.

Maandalizi kabla ya mchezo

Hatua ya kwanza ya kulinda mipaka ya hisia hufanyika kabla dadu haijarushwa. Vikundi vingi huanza na kikao cha maandalizi, ambacho wachezaji hukiita kikao namba sifuri. Katika kikao hicho hakuna hadithi inayosimuliwa. Msimamizi hueleza ni aina gani ya hofu itakayokuwamo, kama ni ya mizimu na giza, ya magonjwa na miili kuharibika, au ya kutoaminiana baina ya wahusika, na washiriki hueleza wanachokitaka na wasichokitaka. Kitabu cha Tasha's Cauldron of Everything cha mwaka 2020, ambacho ni cha Dungeons & Dragons, kina maelezo ya namna ya kuendesha kikao hicho.

Nyenzo inayotumika sana katika kikao hicho ni ile ya mistari na mapazia, iliyoelezwa na mbunifu Ron Edwards wa Marekani mwaka 2003. Mstari ni jambo ambalo halitatokea kabisa katika hadithi. Kikundi kikikubaliana kwamba ukatili dhidi ya watoto ni mstari, basi hakuna mhusika atakayeutenda, kuuona wala kuusikia. Pazia ni jambo linaloweza kutokea, lakini halisimuliwi kwa undani. Mateso ya mfungwa, kwa mfano, yanaweza kuwapo katika hadithi, ila simulizi huishia mlangoni mwa chumba na kuendelea asubuhi yake.

Mgawanyo huo una faida ya kivitendo. Mtu anayesema jambo fulani linamsumbua halazimiki kuchagua kati ya kulifuta lote na kulivumilia lote. Anaweza kukubali liwepo kwa mbali. Msimamizi naye hupata ramani: anajua pa kupita, pa kupita kwa tahadhari, na pasipopitika.

Si kila mtu anaweza kutamka hadharani jambo linalomuumiza. Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 kampuni ya Monte Cook Games ilitoa bila malipo kijitabu cha Consent in Gaming, kilichoandikwa na Sean K. Reynolds na Shanna Germain. Kijitabu hicho kina fomu yenye orodha ya mambo kama buibui, damu, njaa, ubaguzi na mengineyo. Mchezaji huweka alama ya kijani kwa jambo analolikubali, njano kwa jambo linalohitaji tahadhari na nyekundu kwa jambo asilolitaka. Msimamizi hukusanya fomu zote na kuandaa hadithi kwa kufuata alama ya mtu mwenye tahadhari kubwa zaidi, bila kutaja ni nani.

Ikumbukwe kwamba fomu ya namna hiyo hubeba siri za watu. Kujua mtu anaogopa nini ni kujua mahali pa kumuumiza. Kwa hiyo msimamizi anatakiwa kuitunza kwa uangalifu, asiipige picha, asiitume katika kundi la mtandaoni, na asiitumie kama hazina ya vitisho vipya.

Wakati mchezo ukiendelea

Maandalizi hayawezi kuyataja yote. Hadithi hutungwa papo kwa papo, na mara nyingine mtu hagundui kwamba jambo linamuumiza hadi limtokee. Hapo ndipo inapohitajika ile kadi ya katikati ya meza.

Kadi ya X ilibuniwa na John Stavropoulos wa Marekani mwaka 2013. Matumizi yake ni mepesi. Mchezaji yeyote, akiwamo msimamizi, akiona jambo linamkera au linamuumiza, huinyanyua kadi au kuigusa. Jambo hilo huondolewa katika hadithi, na mchezo huendelea. Aliyeigusa halazimiki kueleza sababu, na wenzake hawatakiwi kumuuliza kwa nini. Kama haieleweki ni jambo gani la kuondolewa, msimamizi anaweza kuuliza nini kiondolewe.

Chukua mfano wa kikundi kinachocheza hadithi ya nyumba iliyohamwa. Msimamizi anasimulia kwamba wahusika wameingia chumba cha juu na kukuta susu ya mtoto mchanga ikibembea yenyewe. Kwake ni taswira ya kawaida ya hadithi za kutisha. Hajui kwamba mmoja wa wachezaji amepoteza mtoto miezi michache iliyopita. Bila kadi, mchezaji huyo ana njia tatu, na zote ni nzito: kunyamaza na kuumia, kueleza msiba wake mbele ya watu ambao pengine hawajui, au kuondoka na kutorudi tena. Kwa kadi anayo njia ya nne. Anaigusa na kutaja neno moja, susu. Msimamizi anasema, “Si susu. Ni kiti cha bembea, na juu yake ipo koti iliyolowa maji.” Sekunde chache zimetumika. Kitisho bado kipo, hadithi inaendelea, na hakuna aliyeulizwa swali.

Nyenzo nyingine, iliyobuniwa na Beau Jágr Sheldon, hutumia mfano wa rimoti ya video. Mchezaji anaweza kuomba mchezo usimame kidogo ili watu wapumue, urudi nyuma ili tukio lisimuliwe upya, au usogezwe mbele ili kulipita tukio bila kulieleza. Katika michezo ya uigizaji inayochezwa kwa kusimama na kutembea katika nchi za Skandinavia, ambayo ni ndugu wa michezo ya mezani, yapo maneno mawili yanayojulikana kwa wote: moja lenye maana ya kata, ambalo husimamisha kila kitu mara moja, na jingine lenye maana ya breki, ambalo huwataka wenzake wapunguze kasi bila kusimama.

Vilevile ipo kanuni ya mlango wazi. Kwa kanuni hiyo, mchezaji yeyote anaweza kuondoka mezani wakati wowote, kwa sababu yoyote, bila kuomba ruhusa na bila kulaumiwa kwamba ameharibu mchezo wa wenzake. Mwaka 2019, Kienna Shaw na Lauren Bryant-Monk walikusanya nyenzo nyingi za aina hii katika mkoba mmoja unaopatikana bila malipo, ili kila kikundi kichague zinazokifaa.

Yaliyotokea Birmingham

Uzito wa suala hili ulionekana mwaka huohuo wa 2019 katika maonesho makubwa ya michezo ya mezani yanayofanyika mjini Birmingham, Uingereza. Msimamizi mmoja aliwaingiza wahusika wa wachezaji wake katika tukio la ukatili wa kingono bila wachezaji hao kuridhia jambo hilo. Wachezaji walilalamika kwa waandaaji, ambao walimzuia msimamizi huyo kuendelea na kufuta vikao vyake vilivyosalia katika maonesho hayo.

Tukio hilo lilitoa funzo kuhusu mahali ambapo hatari huwa kubwa zaidi. Marafiki wanaocheza pamoja kwa miaka wanajuana. Wanafahamu nani amefiwa na nani hapendi utani wa namna gani. Kwenye maonesho, klabu au mtandaoni, watu huketi meza moja wakiwa hawajuani kabisa, wakalipia kiingilio, na wakaona haya kuinuka. Kujiandikisha katika mchezo wa kutisha ni kuridhia kutishwa. Si kuridhia kila kitu.

Pale hofu inapokuwa kanuni

Ipo michezo ambayo imejengwa kwa namna ambayo makubaliano hayo yamo ndani ya kanuni zenyewe. Mmojawapo ni Dread, uliotoka mwaka 2005, ambao hautumii dadu. Badala yake hutumia mnara wa vipande vya mbao wa mchezo wa Jenga. Kila mhusika anapojaribu jambo gumu, mchezaji huchomoa kipande kimoja na kukiweka juu. Mnara ukianguka, mhusika wa aliyeuangusha huondoka katika hadithi, kwa kawaida kwa kufa.

Jina la mnara huo halihitaji tafsiri kwa msomaji wa Kiswahili. Mbunifu wake, Leslie Scott, ni Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika, na aliupa mchezo wake jina kutokana na kitenzi cha kujenga kabla ya kuuzindua London mwaka 1983. Mnara una vipande 54. Katika mchezo wa Dread, kadiri vipande vinavyochomolewa, ndivyo mikono ya wachezaji inavyoanza kutetemeka kwa kweli, na hofu ya mhusika huhamia vidoleni mwa mchezaji.

La kuzingatia ni kwamba hakuna anayelazimishwa kuchomoa. Mchezaji anaweza kukataa, na matokeo yake ni kwamba mhusika wake atashindwa katika jambo hilo dogo bila kufa. Anaweza pia kuuangusha mnara kwa makusudi ili mhusika wake ajitoe mhanga kwa ajili ya wenzake. Hofu ni kubwa, lakini mkono unaoamua ni wa mchezaji mwenyewe.

Mfano mwingine ni Ten Candles wa Stephen Dewey, uliotoka mwaka 2015. Mchezo huo huchezwa gizani kwa mwanga wa mishumaa 10, ambayo huzimika mmoja baada ya mwingine. Wachezaji huambiwa tangu mwanzo kwamba wahusika wote watakufa mshumaa wa mwisho utakapozimika. Hakuna anayeshtukizwa na mwisho huo. Kwa kuwa kila mtu ameujua na kuukubali, wachezaji huwa huru kuangalia jambo jingine: wahusika hao watatumia vipi muda mchache uliobaki.

Magonjwa ya akili na ubaguzi

Kulinda hisia si suala la damu na mizimu tu. Michezo ya awali ilitumia wazimu kama adhabu, na mara nyingine kama kichekesho. Mchezaji anayeishi na ugonjwa wa akili, au anayemuuguza ndugu, aliweza kujikuta akitazama hali yake ikirushiwa dadu na kuchekwa. Kitabu cha Van Richten's Guide to Ravenloft cha mwaka 2021 kilichukua njia nyingine. Kilitoa kanuni za hofu na msongo badala ya orodha za wazimu, na kikaweka maelekezo ya kuzungumza na wachezaji kuhusu mipaka kabla ya kuanza hadithi ya kutisha.

Suala la ubaguzi wa rangi nalo limejadiliwa. Lovecraft, ambaye hadithi zake zilizaa Call of Cthulhu, alikuwa na mitazamo ya kibaguzi iliyo wazi katika maandishi yake. Mwaka 2017 mbunifu Mmarekani Mweusi Chris Spivey alitoa kitabu cha Harlem Unbound, kinachowaweka wahusika Weusi katikati ya hadithi, katika mtaa wa Harlem jijini New York wa miaka ya 1920. Kitabu hicho hakikuuficha ubaguzi wa zama hizo, lakini kiliwapa wasimamizi mwongozo wa kuuingiza katika mchezo bila kuwageuza wachezaji kuwa walengwa wa matusi. Hapo panaonekana kwamba kuheshimu mipaka hakumaanishi kuyakimbia mambo mazito. Kunamaanisha kuyaingia kwa makubaliano.

Hoja za wanaopinga

Nyenzo hizi hazijapokelewa na wote. Hoja ya kwanza ya wanaozipinga ni kwamba zinaondoa hofu: mtu akijua anaweza kusimamisha kitisho, kitisho kinakufa. Wanaozitumia hujibu kwamba hali ni kinyume chake. Msimamizi asiyejua mipaka ya watu wake husimulia kwa woga, akikwepa kila kitu kisije kikaumiza. Anayeijua mipaka anaweza kusimulia kwa nguvu zote katika eneo lililoruhusiwa. Dereva huendesha kwa kasi kwa sababu gari lina breki.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Kadi ya X humtaka mtu achukue hatua wakati ambao tayari ameshaumia, na mtu aliyeshtuka anaweza kushindwa hata kunyoosha mkono. Wapo pia wanaoona haya kuwa wa kwanza kuigusa. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu kadi peke yake haitoshi. Kikao cha maandalizi hupunguza uwezekano wa kuihitaji, msimamizi huchunguza nyuso za wachezaji wake na kuuliza mapema, na baadhi ya wasimamizi huigusa kadi wao wenyewe mwanzoni kwa jambo dogo ili kuwaonesha wenzao kwamba kuitumia si aibu.

Hoja ya tatu husema kwamba mambo haya ni mageni na ya watu dhaifu. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hoja hiyo ni rahisi kuipima. Msimulizi wa ngano wa Kiswahili hakuanza kusimulia kabla hajasema “Paukwa!” na kuitikiwa “Pakawa!” Itikio hilo lilikuwa ishara kwamba wasikilizaji wako tayari na wanajua kinachofuata ni hadithi. Kadhalika, utani wa makabila una mipaka yake: mtani anaruhusiwa kusema msibani maneno ambayo mtu mwingine akiyasema ni matusi, kwa sababu pande zote mbili zinaujua uhusiano huo na zimeukubali. Desturi hizo hazikuhesabiwa kuwa udhaifu.

Baada ya mchezo

Hadithi ikiisha, hisia haziishi papo hapo. Wasimamizi wenye uzoefu hutenga dakika chache za kutua kabla watu hawajatawanyika. Taa huwashwa, wachezaji huacha kuitana kwa majina ya wahusika, hunywa chai na kueleza ni tukio gani lililowafurahisha na lipi lililowaelemea. Mchezaji aliyeigiza msaliti hupata nafasi ya kuzungumza na aliyesalitiwa, wote wakiwa wao wenyewe.

Mazungumzo hayo si matibabu, na msimamizi wa mchezo si mshauri nasaha. Iwapo mchezaji ameguswa na jambo zito, wajibu wa wenzake ni kumsikiliza, kutomdhihaki, kutolisambaza alilolisema, na kumhimiza aende kwa mtaalamu wa afya ya akili katika kituo cha kutolea huduma.

Watoto na vijana

Kwa watoto tahadhari huongezeka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Kucheza ni haki, lakini ridhaa ya mtoto mbele ya mtu mzima anayeongoza mchezo si sawa na ridhaa ya mtu mzima mbele ya rafiki yake. Mtoto anaweza kukubali kwa kuogopa kuonekana mwoga, au kwa kumheshimu mkubwa.

Kwa hiyo mzazi au mlezi ambaye kijana wake anacheza michezo hii, iwe nyumbani, shuleni au kwa njia ya intaneti, anashauriwa kuuliza maswali machache: ni nani anayeongoza mchezo, ni watu wa umri gani wanaoshiriki, hadithi ina mambo gani, na mtoto ataonesha vipi kwamba ametosheka. Kiongozi mwema wa mchezo atayajibu bila kukasirika. Kiongozi anayemtaka mtoto aufanye mchezo kuwa siri kwa wazazi wake ni dalili ya hatari, na ushiriki usitishwe. Mtoto au mtu mzima mwenye hofu kuhusu usalama wa mtoto anaweza kupiga bila malipo namba 116, ambayo ni Huduma ya Simu kwa Mtoto.

Mambo ya kuzingatia

Kwa muhtasari, kikundi kinachotaka kucheza mchezo wa kutisha kinashauriwa kuzingatia haya. Aina ya hofu itangazwe kabla ya kuanza. Kila mshiriki apewe nafasi ya kutaja mistari na mapazia yake, kwa mdomo au kwa maandishi ya siri. Iwepo ishara moja inayojulikana na wote ya kusimamisha tukio, na anayeitumia asiulizwe sababu. Kila mtu awe huru kuondoka. Mchezo ukiisha, watu wasitawanyike kabla hawajatua.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji fedha. Kadi ya X ni karatasi na kalamu. Linalohitajika ni msimamizi kukubali kwamba hadithi yake, hata iwe nzuri kiasi gani, haina thamani kuliko mtu anayeisikiliza, na wachezaji kukubali kwamba mwenzao anapoinua mkono kusema imetosha, huwa imetosha.